Bosi kaandika pampu "has given up the ghost", huyu ghost katokea wapi?

Mtunza Stoo

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa lugha kwa wajuzi maana hapa kazini tumegawanyika pande mbili na hakuna anayekubali kushindwa.

Nafanya kazi lodji moja huku upande wa Karatu, bosi wetu ni mzee wa Kiingereza, yule Mwingereza wa zamani kabisa, meseji zake ukisoma lazima uwe na kamusi pembeni. Juzi asubuhi maji yakakatika, fundi akaitwa, wakahangaika pale kisimani mpaka mchana, halafu bosi akatupia kwenye grupu la wafanyakazi: "Sad news. The old pump has finally given up the ghost." Basi, hakuongeza neno. Sasa hapo kila mtu akaelewa lake. Mimi ghost najua ni mzuka, ndo lile la kwenye muvi za kutisha. Give up najua ni kukata tamaa au kuachana na kitu. Nikiunganisha napata pampu imeachana na mzuka wake, yaani ilikuwa nao muda wote tukinywa maji yale?? Na ubaya ni kwamba mlinzi wetu siku zote anasema pale kisimani usiku kuna vitu vinatembea, aliposomewa hiyo meseji akasema mnaona sasa, hata mzungu kakiri. Upande ule hapiti tena akiwa zamu.

Nikaipa simu itafsiri, ilichoniletea hata sitaki kukirudia.

Kilichonimaliza kabisa ni shangazi yangu. Yeye ni mlokole, anasoma ile Biblia ya Kiingereza cha kizamani, King James, nilipompigia akaniambia hayo maneno anayajua vizuri sana, yapo pale Yesu anapokufa msalabani. Sasa wakuu inakuwaje maneno ya kifo cha Yesu ndo hayohayo bosi anaiandikia pampu? Anakufuru au mimi ndo sielewi? Na je na mimi nikiandika hivyo kwenye ripoti ya stoo itakuwa sawa au nitaonekana namkebehi?

Nawasilisha.

Kipanga wa Ubungo

Imekata roho mkuu. Pampu imekata roho. Uzi ufungwe.

dada_mkubwa

Hahahaha huyo mlinzi apewe likizo jamani. Ngoja waje walimu, mimi nimeshavuta kiti.

Mwl. Mstaafu Tanga

Kipanga kamaliza kwa maneno matatu, lakini muuliza swali kauliza ghost katoka wapi, na hapo ndipo penye utamu.

Kijana, unasoma neno la zamani kwa maana ya leo. Ghost wa kwenye huo msemo hana uhusiano na mizuka ya muvi. Ni roho, hiyohiyo ya kukata roho, ile pumzi ambayo ikiwepo mtu yupo na ikitoka mtu hayupo. Kwenye Kiingereza cha kale, kile walichokuwa wanaongea kabla Wanormani hawajavuka bahari kuja kuwatawala mwaka 1066, neno lilikuwa gast, na lilibeba mzigo wote, roho ya mtu, pumzi, malaika, pepo mchafu, mpaka Roho wa Mungu mwenyewe. Ndugu zake wapo hai mpaka leo, Wajerumani wanasema Geist na Waholanzi geest. Hata hiyo h iliyokaa pale katikati bila kazi haikuwepo. Inahusishwa na William Caxton, yule aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, ambaye alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Flandria, Ubelgiji ya leo, na kule neno lao waliliandika kwa gh, basi akarudi nyumbani na mashine pamoja na h yake.

Sasa baadaye likaingia spirit, neno la Kilatini lililopitia kwa Wafaransa. Ikawa kama wake wenza, kazi moja wawili, lazima mmoja asogezwe. Spirit likapanda cheo na ghost likawa linashuka taratibu mpaka likabaki na mizuka ya makaburini. Ila halikushuka kwa siku moja. Waliotafsiri King James, iliyotoka 1611, kwao ghost lilikuwa bado lina heshima zake, ndo maana shangazi yako anaomba kwa jina la Holy Ghost na hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kumtafsiria Mzimu Mtakatifu. Humohumo mara chache utakuta Holy Spirit pia, angalia Luka 11:13, kwa hiyo maneno yote mawili walikuwa nayo mkononi.

Nikuonyeshe kitu kimoja ambacho darasani kilikuwa kinawaamsha hata waliosinzia. Fungua Mathayo 14:26. Wanafunzi wako kwenye mashua, usiku, upepo mkali, wanamwona Yesu anakuja anatembea juu ya maji, wanapiga yowe. King James inasema walilia "It is a spirit". Biblia nyingi za Kiingereza za siku hizi mstari huohuo zinasema "It's a ghost". Haya, ruka mpaka Mathayo 27:50 pale msalabani. King James: "yielded up the ghost". Za siku hizi: "gave up his spirit". Umeona? Maneno yamebadilishana viti! Palipokuwa na spirit kakaa ghost na palipokuwa na ghost kakaa spirit, na kisa kilichosimuliwa ni kilekile. (Biblia yetu pale kwenye mashua inasema "Ni kivuli", mimi binafsi naipenda sana hiyo.)

Kwa hiyo lugha imeendelea na safari, huo msemo ukabaki palepale umeganda na maana ya kizamani. Na kwa kuwa kwa karne kadhaa Biblia hiyo ndo kitabu kilichokuwa kinasomwa kwa sauti karibu kila kanisa na nyumba nyingi za Waingereza, hata asiyejua kusoma alikuwa anaujua msemo kwa kusikia, na kitu kikishajulikana na wote utani hauchelewi. Saa ikisimama, kompyuta ikigoma, friji likinyamaza, wanaliandikia tanzia ya Kibiblia. Bosi wako na hiyo "Sad news" yake alikuwa anacheza hapohapo, kavaa uso wa msiba kwa ajili ya pampu. Hajakufuru, kachekesha kwa namna ya wazee wa kwao, ambao wakichekesha hawacheki.

Neema_na_Kweli

Mwalimu samahani sana mimi nilifundishwa kanisani kwamba ghost ni pepo na kwamba Biblia inayosema Holy Ghost ina mkono wa giza ndani yake tuikwepe, sasa wewe unasema hao waliotafsiri walikuwa na maana nzuri, nani mkweli hapo? Pia nauliza kama Yesu "give up" si ina maana alishindwa? Maana give up ni kukata tamaa na Yesu hakukata tamaa.

Binti Mfasiri

Neema dada yangu aliyekufundisha hilo la kwanza alikutisha bure, alichukua maana ya neno ya karne hii akaenda kuwahukumia watu wa 1611, Mwalimu ameshaeleza vizuri sina haja ya kurudia.

Hilo la pili ndo swali zuri na ndo lilikuwa swali la mwenye uzi pia. Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ni kazi yangu na nikianza huwa sinyamazi.

Watu wengi wanadhani Injili zote nne zinatumia neno moja pale Yesu anapokufa. Hapana. Kwenye Kigiriki Marko na Luka wametumia kitenzi kimoja tu, exepneusen, alitoa pumzi ya mwisho, kwisha. Mathayo anasema aliiachia roho, kama unavyoachia kitu ulichokishika. Yohana anasema aliikabidhi roho, na kitenzi alichotumia Yohana ni kilekile kinachotumika Yuda anapomkabidhi Yesu kwa wakubwa na wakubwa wanapomkabidhi kwa Pilato, yaani ni kutoa kitu mkononi mwako kukiweka mkononi mwa mwingine. Njia tatu tofauti za kusema alikufa, na kila mwandishi alichagua ya kwake.

King James wakafanya nini? Marko, Luka na Yohana wote wakawekewa "gave up the ghost". Mathayo peke yake akapata "yielded up the ghost". Ni Kiingereza kitamu, sikatai, ukikisoma kwa sauti kinatetemesha, lakini ile tofauti ya Marko na Yohana imezimika, msomaji haioni.

Sasa chukueni Biblia yetu ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi mnayo nyumbani. Marko 15:37, "Naye Yesu akatoa sauti kuu, akakata roho." Luka 23:46 naye ni kukata roho. Mathayo 27:50, "akaitoa roho yake". Halafu Yohana 19:30, na hapa huwa nasimama kila Ijumaa Kuu ikisomwa, "Akainama kichwa, akaisalimu roho yake." AKAISALIMU. Wale wazee walikuwa na kukata roho, walikuwa na kutoa roho, walikuwa na kutokwa na roho, wakaviacha vyote wakaenda kuchukua kusalimu, ya kusalimu amri, ya kusalimisha. Ukisoma Marko unaona mtu anakufa. Ukisoma Yohana unaona mtu anakabidhi kitu kwa mwenyewe, kwa utaratibu, kichwa anakiinamisha kwanza. Kiswahili kimeshika tofauti ambayo Kiingereza cha King James kimeiacha ipite, na hili watu wetu hawalisemi kabisa, kazi kusifia cha wenzao tu.

Kwa hiyo Neema, give up ya kwenye huo msemo ni hiyo ya kusalimisha. Kitenzi chenyewe zamani kilikuwa hasa cha kukabidhi, unakabidhi ngome, unakabidhi funguo za mji. Kukata tamaa ni maana iliyokuja kutawala baadaye. Mwenye uzi, hapo ndipo hesabu yako ilipokwama, maneno yote mawili yamehama makazi, give up limehama na ghost limehama, halafu wewe unawagongea hodi kwenye anwani mpya.

Na msidhani ni msemo wa Yesu peke yake. King James inautumia kwa Ibrahimu, kwa Ishmaeli, kwa Isaka, wazee wanaokufa wameshiba siku. Inautumia kwa Anania wa Matendo 5, yule wa kiwanja na uongo. Inautumia hata kwa Herode wa Matendo 12, yule ambaye Kiswahili kinasema "akaliwa na chango, akatokwa na roho", kifo kibaya kabisa. Mtakatifu na fisadi wote walikuwa wana-give up the ghost. Ilikuwa namna tu ya kusema amekufa.

Kipanga wa Ubungo

Mimi nilisema imekata roho mkanipita kama hamnioni, sasa mmezunguka mpaka Bruges na Ugiriki mmerudi palepale 😂

Msee wa Naks

Niaje watu wangu. Mimi niko Nakuru na hii maneno naijua vizuri kwa sababu shule tulikuwa tunapigwa idioms mpaka basi, insha ya Kiingereza bila idioms mwalimu anaona hujasoma, so mtu anaweka yoyote bora iko.

Wacha niwape onyo kwa mwenye anataka kutumia. Kulikuwa na grupu ya mazishi hapa mtaani, harambee ya mzee mmoja tulimheshimu sana, ile siku amefariki katibu wa kamati akataka kuandika Kiingereza kizito juu kuna watoto wa marehemu wako ng'ambo. Akaandika eti "our beloved father has given up the ghost". Huku sisi hatukuona shida, watu wakaweka pole pole na emoji za kulia. Lakini msichana wa marehemu mwenye ako Uingereza aliumia vibaya, akapigia mamake simu akilia kwamba wanafanyia babake mzaha. Katibu naye hakuwa anaelewa kosa iko wapi, si iko kwa Bibilia? Na ni ukweli iko kwa Bibilia! Shida ni kwamba masikio ya mtu anaishi huko saa hii anasikia hiyo maneno kwa mashine ya kufua nguo na gari imekwama kwa barabara, so ukiambia mtu babake ame-give up the ghost ni kama umemlinganisha na toasta.

Kwa msiba andika "passed away" ama "died", imetosha. Hii nyingine achia pampu.

Mwl. Mstaafu Tanga

Umenena vema ndugu wa Nakuru. Na sisi tuna ngazi hizohizo, tangazo la msiba redioni huwezi kusikia "mzee fulani amekata roho", utasikia amefariki dunia. Lakini anayesimulia alivyouguza atasema bila shida "alikata roho saa nane usiku, mkono wake niko nao", hapo ni sahihi na ni zito. Na kijiweni watasema kakata kamba, kavuta, kadedi. Kifo kimoja, mlango tofauti. Kukata roho kwetu bado kuna uzito kwa binadamu NA kunatumika kwa utani kwa simu na redio, kwa Kiingereza ule upande wa kwanza umebaki Biblia tu na vitabu vya zamani.

fundi_kisima

Naomba nichangie kwa upande wa mashine maana nimefanya kazi na Waingereza kwenye mashamba ya maua huku Arusha miaka mingi na lugha yao ya vifaa naijua kuliko lugha yao ya siasa.

Wana maneno kama matatu na hayalingani. Kifaa kikizima ghafla, labda kitawaka tena labda hakitawaka, wanasema "conked out". Injini inakata moto mlimani, unaipumzisha, unapiga selfu inawaka, hiyo ndo conked out. Kikiacha kufanya kazi na fundi inabidi aje wanasema "packed up". Lakini "given up the ghost" ni ya kifaa kilichokuwa kinaumwa. Pampu mpya ikiungua wiki ya kwanza hutamsikia Mwingereza akisema hivyo, atatukana tu na kudai waranti. Pampu ya kupewa hayo maneno ni ile umeshaitia waindi mara mbili, yaani kusukwa waya wa koili upya, beringi zinalia kama paka, inavuta ampea kupita kiasi inaangusha breka kila jioni, watu wanaipigapiga na spana ndo inaamka, yaani mmeishi nayo mpaka mmeizoea kama mgonjwa wa ndani. Siku koili zikiungua kabisa, ile harufu ya vanishi ikitoka kwenye boksi unajua hapa hakuna cha kepasita wala nini, ndo anasema "finally". Hiyo "finally" karibu kila siku iko hapo na haikai bure, inaonyesha walikuwa wanaisubiri siku hiyo.

Na ukiona bosi ameandika hivyo kimaandishi ujue hataki kusikia habari ya kutengeneza. Ameshazika. Wewe tafuta profoma za pampu mpya.

Kaka Bukavu

Jambo ba ndugu. Sisi huku tunasoma Kifaransa, na kwa Kifaransa wanasema "rendre l'âme", ni kurudisha roho, kama vile ulikuwa umeazima tu na mwenyewe anaikuja kuitafuta. Wanaisema kwa mutu na wanaisema kwa motokari pia. Kwa hiyo hata Wafaransa wako na utani ule ule.

Mbongo wa Hamburg

Wajerumani ndo kabisaaa, "den Geist aufgeben", neno kwa neno sawa na Kiingereza, na Geist ni huyo ndugu wa ghost aliyetajwa na Mwalimu. Mashine yangu ya kufulia iligoma, fundi akaja akafungua akaangalia kama dakika mbili hivi akanitamkia hayo maneno na bili ya kuja tu nikalipa. Tofauti ni kwamba Geist kwao bado ana heshima zote, Roho Mtakatifu ni Geist, akili na fikra za mtu ni Geist, na mzuka pia ni Geist, hajashushwa cheo kama mwenzake wa Uingereza.

mzee_wa_hewa

Nyie mnasema ghost ni pumzi, sisi serikalini ghost tulimtafsiri HEWA kitambo, wafanyakazi hewa! Mnakumbuka 2016 kwenye ule uhakiki wa watumishi walitangazwa zaidi ya 10,000? Wale sasa ndo waligoma kukata roho, mshahara unaingia kila mwezi na mtu hayupo. Kumbe aliyetafsiri alikuwa msomi wa Kigiriki hatujui tu.

dada_mkubwa

@mzee_wa_hewa 😂😂😂 na wale wanaotughosti kwenye simu nao tuwaweke kundi gani, meseji inaonyesha imesomwa mtu kimya wiki ya pili.

mzee_wa_hewa

Hao ni wachumba hewa.

Mtunza Stoo

Aisee wakuu nimeshukuru sana sana, sikutegemea swali la pampu lingefika mbali hivi. Fundi_kisima umeongea kama ulikuwepo, ile pampu kweli tulikuwa tunaipiga na spana na harufu uliyosema ndo yenyewe. Mlinzi nimemsomea yote haya kwa sauti, kasema sawa ila kisima bado kina mambo yake.

Sasa nataka nitumie na mimi, kuna frija ya jikoni nayo iko hoi haitafika Krismasi. Nimeandika sentensi naomba mnisahihishe: "The freezer gave the ghost up." Nyingine: "The freezer gave up its ghost." Na nyingine: "The ghost was given up by the freezer." Ipi iko sawa? Na swali la mwisho kabisa, kuna jamaa hapa anasema aliwahi kumsikia mtangazaji wa mpira wa Kiingereza akisema timu ime-give up the ghost na timu ilikuwa inacheza bado, sasa ilikuwa imekufaje inacheza?

Mwl. Mstaafu Tanga

Zote tatu tupa, samahani. Msemo wa namna hii unakwenda mzima mzima kama ulivyo, hauuchomoi kipande. Give up ya kawaida unaweza kuitenganisha, utasema "give it up", lakini hapa up inabaki imegandana na give na ghost anafuata nyuma, "gave up the ghost". Ni "the" siku zote, ya "its" utaikuta mara mojamoja lakini kwa anayejifunza aiache, inasikika kama frija lina mzuka wake binafsi na tutarudi kwa mlinzi. Ya kutendwa ndo usithubutu kabisa, hakuna anayesema hivyo. Unachobadilisha ni wakati tu: "is about to give up the ghost" kwa hilo frija lako lililo hoi, "has given up the ghost" likishazima, "gave up the ghost last week" ukiwa unasimulia. Kwenye ripoti rasmi ya stoo andika "beyond repair" au "failed" maana mkaguzi wa hesabu hataki ucheshi, huo msemo uweke kwenye meseji kwa bosi, atafurahi.

Na la mpira, jamaa yako kasikia sawasawa. Waingereza wanautumia pia kwa mtu au timu iliyoacha kupambana, mko nyuma tatu bila, dakika ya sitini, beki anatembea, kipa anapiga mpira popote, mtangazaji atasema "they've given up the ghost". Hapo hawajafa, wamekata tamaa. Kwa hiyo ile maana yako ya kwanza kabisa ya kukata tamaa ina mahali pake kwenye huu msemo, ila ni kwa viumbe wenye moyo wa kukatika, pampu haikati tamaa.

Neema_na_Kweli

Asante Mwalimu na asante dada Binti Mfasiri, Jumapili naenda kumsomea huyo mtu Yohana 19:30. Na "kick the bucket", ile nyingine ya kusema mtu amekufa, nayo inatoka kwenye Biblia?

Mwl. Mstaafu Tanga

Haimo. Hiyo ya ndoo ina ugomvi wake mkubwa tu, fungua uzi wake nitakuja.